Kusini ya Wapi

Neno la kwanza lililonisumbua katika kazi ile halikuwa Kusini. Lilikuwa kizio. Nilikuwa nalifahamu tangu sekondari, kizio cha kaskazini na kizio cha kusini, nusu mbili za dunia zinazotenganishwa na ikweta, lakini sikuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu nje ya darasa la jiografia.

Wakati huo nilikuwa nafundisha lugha katika chuo kimoja Iringa mjini, na baada ya vipindi natafsiri nyaraka za watu. Karatasi zililetwa kutoka Mbeya, kwenye ofisi ya kanda ya shirika moja la Ulaya. Zilihusu mpango wa kujenga bweni la wasichana katika sekondari ya kijiji, na kijiji chenyewe kilikuwa changu, kile nilimozaliwa, mwendo wa saa moja kwa miguu ukiacha barabara kuu pale Nyololo. Wasichana wa vitongoji vya mbali walikuwa wanapanga vyumba mitaani, wanajipikia wenyewe, na kila mwaka kuna waliorudi kwao kabla ya mtihani. Bweni lilitakiwa. Hilo halikuwa na mjadala.

Kwenye kichwa cha waraka waliandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya ubia kati ya nusu mbili za dunia. Nilitaka kuandika vizio viwili, ila sikuwa na uhakika. Jirani yangu ni mzee mwenye duka la nazi na viungo, ambaye babu yake alipanda huku juu akitokea Kilwa. Kiswahili chake hakikufunzwa na mtu. Nikaenda kumwuliza.

"Shikamoo babu. Kizio ni kitu gani?"

"Marahaba. Mwalimu mzima wa lugha, huna haya?"

Alichukua nazi, akaigonga kwa mgongo wa panga huku akiizungusha, mpaka ikapasuka katikati na maji yakaingia bakulini. Akanionyesha. "Hiki kizio, na hiki kizio. Kimoja kina macho, kingine hakina. Wewe unauliza kipi?"

"Nauliza cha dunia, babu."

"Ndiyo hicho hicho. Tazama kwanza macho yapo upande gani, ndiyo uandike." Alicheka peke yake, akanifungia vizio vyote viwili kwenye gazeti. Nikalipa.

Niliandika vizio. Ofisi ya Mbeya wakalifuta. Walisema wananchi hawataelewa, tutumie Kaskazini na Kusini kwa herufi kubwa, kama inavyotumika kimataifa. Wananchi walielewa, tena upesi sana. Tatizo ni kwamba walielewa kitu kingine.

Kwetu mtu akisema Kaskazini anasema Moshi na Arusha. Akisema Kusini, inategemea amesimama wapi: wengine wanamaanisha Lindi na Mtwara, wengine wanamaanisha sisi, maana redio haiachi kututangaza kama mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Bango la ofisi ile ya Mbeya lenyewe lilikuwa na maneno hayo hayo, Nyanda za Juu Kusini, kwa rangi ya bluu. Kwa hiyo niliposimama kwenye mkutano wa kijiji na kusoma kwamba Kaskazini itatoa wataalamu, saruji na bati, na Kusini itatoa eneo, nguvukazi na malighafi zinazopatikana, watu walinong'onezana.

"Yaani watu wa Moshi watujengee sisi?" alisema mzee mmoja bila hata kunyoosha mkono. "Hao hao waliogoma kunirudishia chenji stendi?"

"Labda migomba yao wameimaliza," alisema mama mmoja, na uwanja mzima ukacheka.

Nikaeleza kwamba Kaskazini ni Ulaya. Nilieleza kwa sentensi moja, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka na nilitaka kumaliza kusoma kabla mvua haijatufukuza. Kusini sikueleza. Niliona vichwa vinaitikia kwamba Kusini ni sisi, nikaona hilo limepita.

Baba yangu alikuwa amekaa benchi la mbele. Ni fundi seremala, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Kusini ya wapi?"

"Ni sisi, baba."

"Sisi nimesikia. Nauliza ya wapi. Kitu kinakuwa kusini ya kitu. Shule iko kusini ya kanisa. Kanisa liko kusini ya barabara. Sasa sisi tuko kusini ya nini?"

"Mzee, mwache binti asome," mwenyekiti wa kijiji alimkata. Baba akashusha mkono. Nami nikaendelea na aya iliyofuata.

Neno ubia lilikuwa langu, hakuna aliyenipangia. Ningeweza kuandika ushirikiano, lakini ushirikiano lilishachakaa. Kila mradi uliopita kijijini ulikuja nalo na ukaondoka nalo. Ubia lilinipendeza kwa sababu lina watu wawili ndani yake, kila mmoja ameweka chake na kila mmoja ana sauti. Sikufikiri kwamba kuna mtu atalichukua kama lilivyo. Baba alilichukua kama lilivyo.

Alikuwa na shamba la mipaini nyuma ya nyumba, ekari moja na kitu, aliyoipanda mwaka nilioanza darasa la kwanza. Nilikua naipima kwa urefu wangu, halafu ikaniacha. Miti ile ilikuwa ya mama. Kila mtu nyumbani alijua: ikikomaa, itakuwa kenchi za paa na dari na milango ya nyumba mpya yenye sebule, na mama ataacha kupika kwenye kibanda kinachovuja. Ilikuwa imekomaa. Wiki moja baada ya mkutano baba alisema ataitoa kwa ajili ya bweni.

"Yote?" mama aliuliza.

"Paa la bweni siyo paa la banda la nguruwe. Na mimi ndiye mwenyekiti. Mbia hatokei mikono mitupu."

Mama alikwenda jikoni, akarudi na ugali, akautua mezani. "Mbia," alisema, "karibu chakula."

Tulicheka sote, na baba pia. Tangu siku hiyo mama akawa anamwita Mbia. Jina lilitoka nyumbani likafika kwa majirani, na kutoka kwa majirani likafika kilabuni.

Wageni walikuja mwezi wa saba, wakati wa likizo yao ya joto. Walikuwa wanne, na walikuwa wameambiwa kwamba wanakwenda Kusini, kwa hiyo walivaa mikono mifupi. Huku kwetu Mufindi, mwezi wa saba asubuhi kuna sakitu kwenye majani, ukikanyaga yanavunjika. Walishuka kwenye gari meno yakigongana. Kina mama waliacha kuimba wimbo wa kuwapokea, wakavua vitenge na kuwafunika mabegani. Mama yangu alikimbia nyumbani akachukua koti la baba la kanisani, akamvika mmoja wao, kijana mrefu aliyekuwa mchoraji wa ramani za majengo. Lilimfika kiunoni.

Mchoraji alitandaza ramani yake juu ya boneti ya gari, na wanakamati wakaizunguka. Mimi nilisimama katikati kama mkalimani. Alionyesha vyumba, bafu, chumba cha matroni. Kisha akaonyesha kwa fahari ukuta mmoja wenye madirisha makubwa yaliyopangana mwanzo hadi mwisho. Ukuta wa pili ulikuwa na vijidirisha vidogo vya juu tu. Alisema ukuta wa madirisha makubwa utatazama kusini, ili jua liingie ndani na wasichana wasisikie baridi.

Baba aliitazama ramani, akatazama angani, akaitazama tena ramani. Ilikuwa karibu saa sita mchana. Mwezi huo jua letu haliji utosini. Linapita upande wa kaskazini, kule ilipo barabara kuu, na kuta zinazotazama kusini zinashinda kivulini zikiota ukungu. Hakuna aliyemfundisha baba jambo hili. Mtu anayekausha mbao kwa kazi anajua jua linakaa wapi mwezi kwa mwezi, maana ubao ukipigwa na jua upande mmoja unapinda.

"Mwambie huyu bwana ameigeuza nyumba," aliniambia. "Jua la baridi liko kule. Madirisha makubwa ameyapa kivuli. Hao watoto watakufa kwa baridi."

Nilimgeukia mchoraji nikasema kwa Kiingereza kwamba mzee anauliza kama mwelekeo wa madirisha umezingatia hali ya hewa ya hapa.

Alitabasamu. Alisema ndiyo, kabisa, madirisha yanatazama kusini, kwenye jua, kama wanavyojenga kwao.

Hapo hapo nikaelewa kosa. Kwao jua linakaa kusini mwaka mzima. Alikuwa amechora nyumba yetu akiwa amekaa kwenye nusu yake ya dunia, na hakukumbuka kuigeuza alipoileta kwenye nusu hii. Nilielewa yote kwa mara moja, tena nilikuwa na Kiingereza cha kumweleza kwa dakika mbili. Sikumweleza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu halinipi heshima. Wenzake walikuwa wanatabasamu. Afisa aliyewaleta kutoka Mbeya alikuwa anatazama saa. Niliona baba yangu, amebaki na shati tu kwenye ile baridi, koti lake liko mabegani kwa mtu mwingine, anambishia mtaalamu mbele ya watu, nikamwonea aibu.

"Amesema wamezingatia," nilimwambia baba.

"Wamezingatia nini?"

"Jua."

"Jua si lile pale?" Alinyoosha kidole. Wanakamati wote waligeuka kulitazama, na mchoraji naye akageuka akifikiri anaonyeshwa ndege.

"Mzee, huyu amesomea," alisema mwenyekiti wa kijiji. Mambo yakaishia hapo.

Jioni walipoondoka, koti liliondoka nao. Nadhani mchoraji alisahau kwamba amelivaa.

Kijiji kilichimba msingi kwa zamu, kitongoji kwa kitongoji. Mawe yalibebwa vichwani kutoka mtoni. Msingi ulijengwa sawasawa na ramani, umeipa barabara mgongo. Mipaini ya baba ilikatwa, ikapasuliwa, ikawa mbao. Alizipanga mwenyewe nyuma ya madarasa, tabaka juu ya tabaka, vipande vidogo katikati ili hewa ipite, na juu akafunika nailoni. Shamba lilibaki visiki. Ukikaa kibandani kwa mama sasa ulikuwa unaona moja kwa moja hadi bondeni.

Bati hazikuja. Saruji ilikuja mara moja, ya msingi, halafu kimya. Mvua za kwanza zikapita juu ya nailoni. Kabla ya za pili ikaja barua, nami nikaisoma mbele ya kamati, barazani kwa baba. Ilisema mpango umebadilisha mwelekeo, kutoka ubia wa Kaskazini na Kusini kwenda kwenye ushirikiano wa Kusini kwa Kusini, na kwamba wanatutakia mafanikio katika hatua hii mpya.

Wanakamati walimtazama baba. Uso wake ulifunguka.

"Kusini kwa Kusini! Si hao wa Songea na Mtwara? Afadhali. Huko angalau basi linafika. Andika barua, mwanangu, tuwaulize bati wanaleta lini."

Nilicheka. Nikaona hatanii. Alikuwa ameshaanza kumtuma mtu akaniletee kalamu.

"Baba," nikasema, "maana yake wameondoka. Wanasema nchi kama zetu zisaidiane zenyewe."

Kalamu ilikuja, ikakaa mezani. Mama alisikia kutoka jikoni. "Si wangesema hivyo? Maneno yote hayo ya nini?"

Nilikwenda Mbeya, nikiwa na ombi moja la baba: kama bati bado zipo, kijiji kitamalizia chenyewe, ila waruhusiwe kugeuza madirisha. Afisa alinipokea vizuri, akaniagizia chai. Alikuwa kijana mpole wa rika langu. Alisema bati ni za mpango uliofungwa, na ramani ni mali ya mbia, haiguswi. Nilimwuliza mbia yupi, akasema wa Kaskazini. Nikamwuliza Kaskazini inaanzia wapi.

"Dada, hapa hatuzungumzii dira. Hizi ni istilahi. Australia unaijua iko wapi? Chini kabisa huko. Lakini ni Kaskazini."

"Nani aliihamisha?"

Alicheka kwa adabu. "Ndivyo inavyotumika." Halafu akafungua droo, akanipa kazi. Ilikuwa taarifa ya kufunga mradi, ya Kiingereza, na walihitaji Kiswahili chake kwa ajili ya kumbukumbu. Nikaichukua. Ningeweza kuikataa.

Kijijini nilikuta mbao zimefunuliwa. Nailoni ilichanika mvua za pili, na hakuna aliyekwenda kuishona. Zile za juu zilikuwa zimejikunja, zile za chini zimeingia rangi ya bluu ya ukungu ambayo fundi akiiona haulizi tena. Mwalimu mkuu alikuwa ameomba chache za kuzibia choo. Kilabuni walikuwa wakimwona baba anapita wanapaza sauti: "Mbia! Wasichana wameshahamia?" Alikuwa ameacha kupita njia ile, na mama alikuwa ameacha kumwita hivyo.

Nilimsomea baba taarifa mezani kwake pa kazi, akipiga randa ubao wa mtu. Nilikuwa natafsiri papo kwa papo. Upande wa Kusini haukuonyesha umiliki wa mradi. Mchango wa Kusini ulicheleweshwa. Malighafi za Kusini hazikutunzwa ipasavyo.

Randa ikasimama. "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Kusini ya wapi?"

Safari hii nilimjibu. "Ya kwao, baba. Wanasimama kwao, wanatutazama."

Alikung'uta maranda kwenye meza kwa kiganja, hata yalipokuwa yamekwisha. "Basi andika Nyololo. Kila penye Kusini, andika Nyololo. Nyololo haikuonyesha umiliki. Nyololo ilichelewesha mchango. Halafu atakayesoma aje awaulize watu wa Nyololo. Pale madereva wote wanapajua." Akaanza tena kupiga randa, akaacha. "Na madirisha uandike."

Niliandika. Usiku mmoja tu Iringa, kazi ikaisha. Kila palipokuwa na Kusini niliweka Nyololo, na chini ya ukurasa niliongeza sentensi tatu kuhusu jua. Nilipoisoma upya ilikuwa taarifa nyingine kabisa. Mtu akisoma kwamba Nyololo haikutunza mbao, anauliza mbao za nani.

Ilirudi siku ya pili ikiwa na alama nyekundu. Afisa aliandika kwa upole wake: tafadhali rejesha istilahi. Mfasiri hapaswi kubadili wala kuongeza taarifa.

Kanuni ile naifundisha. Naiandika ubaoni kila muhula. Siku ile mbele ya boneti, nilipoyachukua maneno ya baba nikayafanya swali la heshima, hakuna aliyenikumbusha.

Nilirejesha. Kompyuta iliifanya kazi hiyo kwa mpigo mmoja, Nyololo zote zikawa Kusini, na sentensi za jua nikazifuta kwa mkono.

Jumapili baba alipiga simu. Aliuliza habari za chuo na habari za baridi.

"Uliandika?"

"Niliandika, baba."

"Haya. Vizuri."

Nyuma yake nilisikia sauti ya mama, mbali na simu: "Mwulize na koti kama waliliandika."